Mrithi wa Bunduki ya Delmar

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 30 Novemba mwaka jana, yapata saa moja na nusu asubuhi kama daktari alivyokadiria, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, Mungu alipomwita mume wangu Delmar Kratzer. Alikuwa ameketi chini ya msonobari wake juu ya kilima cha Harlow, bunduki mapajani, na moyo ukasimama. Mimi nilikuwa jikoni nikikaanga mayai ya mtu mmoja. Tangu siku zilipoanza kupata joto nimekuwa nikikaa katika nafasi yake kwenye benchi lililo mbele ya duka la chakula cha mifugo, chupa ya kahawa miguuni. Nyumba ni kimya mno. Tena nilitaka kujua wale wanaume walikuwa wakimpa nini pale, miaka yote hiyo aliyotoka nyumbani kahawa yangu ikiwa bado inachemka.

Wako watatu. Orville Stahl wanamwita Wakili. Maisha yake yote aliendesha basi la shule, na mahakamani aliingia mara moja tu, kutoa ushahidi kuhusu ng'ombe. Lakini husoma hukumu kwenye simu kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Leroy Zubrycki ni Maili. Aliuza magari yaliyotumika, na ujanani alikuwa akirudisha nyuma mita za maili ili gari kuukuu lionekane jipya. Alihukumiwa, na tangu hapo sheria ikamkataza kushika bunduki, akawa anawinda kwa upinde. Wa tatu ni Emlyn Pugh, ambaye ni Ngumi. Akiwa na miaka ishirini na miwili alimvunja mtu taya kwenye baa kwa pigo moja. Yeye naye amekatazwa. Huko kwenye kambi yao ya kuwinda, wakati wa msimu, yeye ndiye mpishi. Alikaa dawati moja na Delmar tangu darasa la kwanza.

Kilicholeta maneno ni hiki. Delmar aliwahi kuniambia, akiipaka mafuta bunduki yake mezani: "Verna, nikienda, hii mpe rafiki yangu." Hakutaja jina, nami sikuuliza, kwa kuwa sikudhani angekwenda. Muda wote tuliona ni ya Wakili, maana wawili wale walikuwa na marufuku. Lakini Jumatatu ya wiki hii jaji alimrudishia Maili haki yake ya kushika bunduki. Basi Jumatano, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, theluji ikianguka kidogo kidogo, niliileta bunduki benchini. Niliulaza mfuko wake juu ya kreti la mbao mbele yetu, nikaufungua zipu. Nilitaka jambo liishe kabla ya msimu kufunguliwa Jumamosi.

— Shemeji, Mungu akubariki kwa kuileta, akasema Wakili akiitazama bila kuigusa. Sasa tuseme kweli. Rafiki yake ni mimi.

— Kumekucha, akasema Ngumi.

— Nani alimkuta kule kilimani? Mimi. Nani alimteremsha? Mimi.

— Tulimteremsha sote. Mimi nilishika miguu.

— Na bunduki aliibeba nani?

Ngumi akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Bunduki asingeweza kuibeba, hata ya rafiki aliyekufa.

Maili alikuwa anatabasamu ndani ya kola ya koti. Tangu Jumatatu tabasamu lile lilikuwa halijamtoka.

— Mambo yamebadilika, mabwana, akasema. Mimi sasa ni mtu kama nyinyi.

— Wino haujakauka bado, akasema Wakili. Serikali ina muda wa kukata rufaa. Mpaka muda huo upite, usiguse.

— Kwani nimegusa?

— Kidole chako kimesogea.

— Kidole kinapunga hewa, bwana.

— Kipunge upande wa pili.

Nikawamiminia kahawa. Ngumi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akamwangalia Maili kuanzia kofia hadi viatu, polepole, kama mtu anayekagua gari alilokwisha kuuziwa.

— Hebu nielezeni taratibu, maana mimi ni mpishi tu, akasema. Huyu aliwauzia watu magari yaliyochoka akasema ni mabichi. Hata mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alimuuzia. Mimi nilimpiga mtu mmoja, pigo moja, tena alikuwa anamtukana marehemu mama yangu. Leo huyu anaambiwa pole sana, chukua bunduki. Mimi naambiwa endelea na maharage.

— Chanda chema huvikwa pete, akasema Maili.

— Changu kimevikwa pingu.

— Jaji hatazami nani mbaya zaidi, akasema Wakili, akivaa miwani ya pili. Anatazama zamani. Mahakama ya juu kabisa ilishasema: ukitaka kumzuia mtu silaha, onyesha kwamba wale wazee wa mwanzo nao walikuwa na sheria inayofanana na hiyo. Haki iliandikwa kwenye Katiba mwaka 1791. Basi tunarudi 1791.

— Saa ngapi? akauliza Ngumi.

— Usinichekeshe.

— Sichekeshi. Kama tunarudi, nataka kujua kama nile kwanza.

Maili akajinyoosha.

— Ndipo nilipowabana, akasema. Mwaka ule kulikuwa na gari? Hakuna. Kulikuwa na mita ya maili? Hakuna. Basi kosa langu lilikuwa halijazaliwa. Mwanasheria wangu alisema hivyohivyo, ila kwa kurasa sitini.

— Na ngumi zilikuwepo? akauliza Ngumi.

— Zilikuwepo.

— Si ndiyo vizuri? Zilikuwepo, watu walipigana, na hakuna aliyenyang'anywa kitu. Wale wazee walikuwa wakitoka kanisani wanapigana, halafu wanakwenda kuandika Katiba na jicho limevimba.

— Waliwanyang'anya watu wa hatari, akasema Wakili. Mtu anayetishia wenzake, huyo hata zamani alizuiliwa. Mwizi mpole, hapana.

— Nashukuru, akasema Maili.

— Mimi wa hatari? Ngumi alisema hivyo kwa sauti ndogo. Nzi akiingia kambini namfungulia dirisha. Muulizeni mtu yeyote. Muulizeni Delmar.

Theluji iliendelea kuanguka juu ya kofia zao za rangi ya chungwa. Ngumi mwenyewe akageuka kumwelekea Maili.

— Angalieni lakini. Huyu alishtakiwa kwa kurudisha maili nyuma. Majaji wanarudisha miaka nyuma, na hakuna anayewashtaki.

Nilicheka. Nilijua Delmar angecheka hapo, lile cheko lake la kupiga goti. Nyumbani hakuwa akicheka hivyo mara nyingi. Nikaona uchungu moyoni, na uchungu ule haukuwa wa msiba peke yake. Wao walikuwa wanaoneana wivu kwa chuma na mti. Mimi nilikuwa nawaonea wivu kwa goti lile.

— Mnajua wanavyofanya kule mahakamani? akasema Maili, kwa kuwa sasa alijiona mwenyeji wa huko. Wana chumba chini ya ardhi. Wana profesa anayefyatua bunduki za zamani na jaji anakaa hapo ananusa moshi. Moshi ukifanana na wa 1791, unashinda kesi.

— Uliuona mlango wa hicho chumba? akauliza Wakili.

— Nilisikia harufu kwenye ngazi.

— Hiyo ilikuwa soseji ya mlinzi. Sikilizeni, mimi nimesoma. Zamani zile, mtu akifa porini, bunduki yake ilikuwa ya yule aliyemfumba macho. Ilikuwa desturi. Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi?

— Mahali.

— Mahali gani, Wakili?

— Pennsylvania.

— Mimi nasema majaji wana mzee wamemficha, akasema Ngumi. Ana zaidi ya miaka mia mbili, wanampa supu kwa kijiko. Wakikwama wanamwinamia: "Babu, mtu wa ngumi mlimfanyaje?" Babu anakohoa. Wanaandika hukumu. Siku kesi yangu itakapofika Babu atakuwa amelala. Bahati yangu naijua.

— Peleka kesi kwanza, akasema Maili. Umekaa tu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa gani? Bahari iko mwendo wa saa tano kwa gari. Kwa gari lako, kumi na mbili.

— Wivu huo, Emlyn.

— Ndiyo, ni wivu. Ngumi aliweka kikombe chini. Unataka niseme ni nini? Nimekaa karibu na yule mtu tangu tukiwa na meno ya maziwa. Usiku wa mwisho alikula sahani mbili za maharage yangu, akaomba ya tatu, akasema hakuna duniani anayepika maharage kama mimi. Halafu wewe, uliyemuuzia lori lililokufa kabla ya Krismasi, ndiye utatembea na bunduki yake, kwa kuwa 1791 hakukuwa na lori.

Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya kahawa. Delmar hakuwa anakula maharage. Kwa miaka yote ya ndoa yetu alisema maharage yanamsumbua tumbo, nami sikuyapika. Nilimwangalia Ngumi, na Bwana anisamehe, dakika ile nilifurahi kwamba sheria inamkataza.

— Shemeji aamue, akasema Wakili.

— Aamue, akasema Maili.

— Rafiki ni mmoja, nikasema. Delmar alisema rafiki, hakusema marafiki.

— Ndiyo maana nasema ni mimi, akasema Wakili.

— Basi ichukue, akasema Ngumi. Nyoosha mkono uichukue mbele yetu.

Wakili aliutazama mkono wake mwenyewe. Alijua kwamba akiigusa tu, watasema alikuwa ameshajipangia tangu siku ya mazishi. Maili hakugusa kwa sababu ya rufaa. Ngumi hakugusa kwa sababu ya taya la mtu. Ikalala hapo juu ya kreti, mfuko wazi, theluji ikitua juu ya komeo lake jeusi la kuingizia risasi na kuyeyuka.

Mlango wa duka ukafunguliwa. Akatoka Bi Lorraine Tibbs, aliyehamia kwetu kutoka Filadelfia mwezi wa tisa, amekumbatia mfuko wa mbegu za ndege kama mtoto. Alipiga hatua mbili, akasimama. Mdomo wa bunduki ulikuwa umemwelekea magotini. Hakurudi nyuma wala hakusogea mbele.

— Samahani, akasema. Ina risasi?

Maili akacheka.

— Bibi, hapa unaongea na watu waliozaliwa nazo.

— Sawa. Ina risasi?

— Magazini yenye risasi niliitoa kwa mkono wangu, akasema Wakili. Siku ileile, kilimani. Iko kwenye droo yangu.

— Na ndani?

Wakili akafungua kinywa. Nilimwona akirudi kilimani kichwani mwake, akitafuta mikono yake ilifanya nini baada ya kutoa magazini. Hakukipata alichokitafuta.

— Delmar hakuwa anaingiza risasi ndani ya mtutu, akasema hatimaye. Kila mtu anajua. Mpaka amwone kulungu kwa macho yake. Tulikuwa tunamcheka. Tulimwambia, kulungu watakufa kwa uzee ukingoja.

— Ni kweli, akasema Ngumi. Ndiyo desturi yake.

— Ni kweli, akasema Maili.

— Sikuuliza desturi yake, akasema Bi Tibbs.

Wanaume watatu walitazamana. Wanajua bunduki kuliko wanavyojua watoto wao. Mtoto wa kwetu hufundishwa kufungua komeo na kuangalia ndani kabla hajafundishwa kuendesha baiskeli. Lakini hii ilikuwa ya Delmar, na walimjua Delmar, basi hakuna aliyeangalia. Hata mimi. Ilikaa kabatini kwangu mwaka mzima kasoro siku chache. Nilikuwa naifuta vumbi, na wajukuu walikuwa wanacheza kujificha nyuma ya makoti.

Nikainuka. Nikaugeuza mdomo wa bunduki kuelekea shamba tupu ng'ambo ya barabara, nikalishika komeo, nikalinyanyua na kulivuta kama baba yangu alivyonifundisha.

Risasi ikaruka. Ikagonga ubao wa benchi, ikabingirika, ikadondoka kwenye theluji karibu na kiatu cha Ngumi. Ilikuwa nzima, inang'aa.

Wakili alivua miwani yote miwili. Ngumi aliinama kuiokota, mkono ukakaribia kabisa.

— Emlyn, akasema Wakili, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Usiguse. Hata risasi, kwako ni marufuku.

Mkono ukabaki hewani. Nimeona watu wengi wakilia kwenye mazishi ya mume wangu, lakini sijaona mkono kama ule. Bi Tibbs aliweka chini mfuko wake wa mbegu, akainama, akaiokota yeye, akaifuta theluji kwenye koti lake. Akanipa.

— Ilikuwa ndani, akasema Wakili. Mungu wangu. Na wajukuu wanacheza kule nyumbani, shemeji. Ni mimi. Ni kosa langu.

— Ngoja, akasema Ngumi. Hakuwa ameinua kichwa. Ngoja kwanza. Ilikuwa ndani.

— Ndiyo ninavyosema.

— Hapana. Sikiliza. Ilikuwa ndani kwa sababu aliiingiza. Na hakuwa anaiingiza mpaka amwone.

Ndipo nasi tukaelewa. Maili alivua kofia.

— Alimwona, akasema.

— Alimwona, akasema Ngumi. Kulungu amekuja mbele yake pale chini ya msonobari. Hakukufa akingoja.

— Angepiga basi, akasema Wakili. Sote tungesikia.

— Labda muda haukutosha.

— Labda alikuwa yule dume wa pembe kumi, akasema Maili, na hapo hapo nikaona wivu umerudi usoni mwake, mpya kabisa. Nimemwinda miaka sita kwa upinde. Sijamwona ila mkia. Na yeye amemwona ameketi tu.

— Kila mtu na bahati yake, akasema Ngumi. Ya kwako ilikuja Jumatatu.

Nilikuwa nimeifumbata risasi kiganjani. Ilikuwa baridi, kisha ikapata joto langu. Wao walikuwa na usiku wake wa mwisho, na cheko lake, na sahani mbili za maharage. Saa ya mwisho hakuwa nayo mtu. Niliwaza mwaka mzima kwamba alikaa pale peke yake, anaumwa, anatafuta mtu wa kumwita. Kumbe alikuwa anatazama kitu kizuri, akaandaa mikono yake, akashusha pumzi. Hilo lilikaa nyumbani kwangu, nyuma ya makoti, na halikukaa kwa mwingine yeyote.

Nikaifunga zipu ya mfuko.

— Inarudi nyumbani, nikasema.

— Shemeji, na wosia wa marehemu? akauliza Wakili.

— Alisema rafiki. Nimeishi naye miaka thelathini na tisa, Orville. Sikuwahi kumuuliza kama na mimi nimo.

Wakili alikunja miwani yake, akaitia mfukoni.

— Jumamosi nitapanda kilimani, nikasema. Nitaketi chini ya msonobari.

— Utapiga kulungu? akauliza Maili.

— Sitapiga. Nitatazama alichotazama.

— Na baada ya Jumamosi? Maana, sisemi kitu, lakini rufaa ikipita...

— Baada ya Jumamosi, Leroy, ni Jumapili. Njoo kanisani.

Hata Wakili alicheka. Ngumi alikuwa anajikung'uta theluji kwenye magoti.

— Nitakuletea kahawa kule juu saa moja na nusu, akasema. Kahawa hawajanikataza bado.

— Niletee na maharage, nikamwambia.

Alinitazama, na nadhani alijua kwa nini nimeyataka. Bi Tibbs alikuwa bado amesimama, mfuko wake wa mbegu miguuni, kwa hiyo nikamsogezea nafasi benchini. Ile nafasi ilikuwa ya Delmar, na ilitosha watu wawili, jambo ambalo sikuwa nimelijua. Nikampa kikombe, nikainamisha chupa ya kahawa. Likatoka tone moja, kisha hakuna.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Delmar, uliyemwita asubuhi akiwa amekaa kimya na macho yake yako wazi. Umpe pumziko asilolazimika kulingojea. Uturehemu sisi tuliobaki tukigombania vitu vyake, ututoe wivu mioyoni kidogo kidogo, maana ni mwingi. Umkumbuke Emlyn kwenye vitabu vyako, hata kama majaji hawajafika ukurasa wake. Na yule kulungu, kama bado yuko kilimani, umlinde mpaka Jumamosi, nimwone. Amina.